Darubini Isiyotoka Ofisini

Mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya, ofisi yetu ya vipimo pale Tabora ilikuwa na darubini moja. Ukiisimamisha mahali, ukapima jua na kupiga hesabu, unapata nambari za kuonyesha kwenye ramani pale uliposimama. Pale tu. Watu wa maji waliitaka, wa barabara waliitaka, wa kilimo nao wakaja juu.

Bwana Eustace, mkuu wetu, akakata shauri: darubini haiendi popote, isije ikakwaruzwa. Anayetaka nambari ajaze fomu dirishani. Yeye mwenyewe ataitoa kabatini, atapima barazani, atamjazia. Fomu niliichapa mimi, Zamda, na upuuzi wake niliuona tangu mstari wa kwanza. Nikanyamaza, maana wenye midomo walikuwa wakihamishiwa porini.

Siku moja akaja Mama Marcelina, mkulima wa Lusu, zaidi ya maili sabini kutoka kwetu. Yeye na marehemu mumewe walichimba kisima kwa mikono yao. Kikionekana kimo ndani ya kijiji kipya, atabaki; kikiwa nje, atahamishwa.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Njooni mkanipimie."

"Jaza fomu, ndugu," Bwana Eustace alisema kutoka ndani.

Akajaza. Bwana Eustace akaisimamisha darubini barazani, akakipima kisima cha Lusu huku ameegemea nguzo ya ofisi. Akagonga muhuri. Wachora ramani hawakuuliza kitu. Muhuri walikuwa wameuona.

Wiki tatu baadaye mama alirudi na jembe begani. Hakuja dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwenye maua ya Bwana Eustace, mbele ya baraza, akaanza kuchimba.

"Wewe mama! Unafanya nini?" Bwana Eustace alifoka dirishani.

"Nafuata kisima changu. Wameniambia kiko nje ya kijiji, wakaniezulia nyumba. Nikawauliza, sasa kiko wapi? Wakanionyesha kwenye ramani. Kiko hapa, barazani kwako."

Bwana Eustace alilitoa jalada, akaitazama fomu, akautazama muhuri wake. Kisha akanigeukia.

"Zamda, mpelekee fomu ya malalamiko."

Niliona aibu, lakini niliipeleka. Mama Marcelina aliipokea kwa mikono miwili, akaitandika juu ya udongo, akaikalia apumzike kidogo.

"Mwambie bosi wako," alisema, "nikifikia maji nitamwita aje apime."

Akainuka, akashika tena jembe.