Kampuni Haina Ukoo

Dereva anayenuka tumbaku hagusi usukani. Sheria hiyo ilijulikana na wote katika yadi ya magari ya kampuni, mtaa wa Hai Amarat, na Douglas, meneja aliyetoka Nairobi, aliitekeleza kwa pua yake: kila asubuhi aliinamia kola za madereva, mmoja baada ya mwingine, kama mnunuzi anayekagua samaki.

Lako, mmoja wa madereva hao, alianza kuvuta sigara ukimbizini Uganda. Aliponuswa mara ya pili, Douglas hakumfukuza. Alimpa vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti.

"Meza asubuhi na jioni. Hii ni dawa ya bei, kampuni imekuonea huruma."

"Ina madhara, bosi?"

"Madhara ni kukosa kazi."

Sigara zilimtoka. Usingizi nao ukamtoka. Aliota akiwakaba watu asiowajua, na mchana hasira ilimpanda bila kuitwa. Alimfokea mkewe, Keji, kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Keji, kwa hofu, alimpeleka kwa wazee wa maombi. Wakamwekea mikono kichwani, wakasema kwamba pepo wa tumbaku hatoki kimya, avumilie. Akavumilia. Aliendelea kumeza.

Ikafika Jumatatu moja. Lako alikuwa yadini akikaza nati za gurudumu, na Mogga, dereva mwenzake na rafiki yake wa tangu kambini, akamchungulia.

"Ya akhu, ndugu yangu, leo uso yako iko kama simba imekosa nyama. Keji alikunyima chakula?"

Madereva walicheka. Lako hakukumbuka kuinua spana. Alikumbuka sauti ya mfupa.

Alimpeleka Mogga hospitali yeye mwenyewe, na huko akamwonyesha muuguzi Jepchirchir vidonge alivyokuwa akimeza, naye akamhoji huku akiufunga mkono wa Mogga uliovunjika.

"Dawa hiyo ni nani aliyekuandikia?"

"Meneja."

"Meneja si daktari. Dawa hii haitolewi kabla daktari hajakuuliza habari za afya yako. Wapo inaowavuruga akili, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa kabla ya kumeza. Wewe hukuambiwa?"

Lako alitikisa kichwa. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa ameombewa kwa ajili ya kidonge, si pepo.

Kesi ilisikilizwa katika baraza la chifu, mtaa wa Hai Mauna, chini ya paa la mabati. Douglas alikuja kama shahidi, akapewa kiti chenye mikono. Lako alisimama.

"Nilipiga, sikatai. Lakini aliyenipa dawa hakunieleza itanifanya nini. Naye ajibu."

Chifu alimgeukia Douglas. "Ulimpa?"

"Nilimsaidia, mzee. Kumeza alimeza mwenyewe. Sikumshika taya."

Kicheko kidogo kilipita barazani.

"Hapa mkosaji hulipa pamoja na ukoo wake," chifu alisema. "Wewe una ukoo, Lako, wajomba zako wale wameketi. Kampuni ni ya ukoo gani? Babu yake ni nani, nimtumie mjumbe?"

"Ina mkurugenzi, mzee."

"Basi mpeleke kwa majaji wa serikali. Nenda na wakili wako."

"Sina wakili."

"Basi tutashughulika na mkono tunaoujua. Dawa haina mkono."

Iliamuliwa Mogga alipwe mbuzi. Wajomba wa Lako walitazamana; hawakuwa na kitu. Mbuzi waliokuwapo ni wa Keji, aliowafuga ili binti yao Poni aendelee na shule. Keji alikwenda kuwafungua, akawaleta barazani.

"Malesh, pole, Lako," Mogga alinong'ona. "Mimi pia iko na watoto."

Kwa kuwa mkono wa Mogga ulikuwa katika plasta, Lako mwenyewe aliwabeba mbuzi na kuwapandisha mmoja mmoja kwenye pikapu ya kampuni, ambayo Douglas aliitoa bila malipo. Mlango wa nyuma ulipofungwa, meneja alimwita kwa kidole.

"Shati la kazi, Lako. Ni mali ya kampuni."

Lako alifungua vifungo mbele ya wajomba zake, akalivua shati, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa shuleni, akalikabidhi kwa mikono miwili. Keji alivua kitambaa chake cha begani, akamfunika.

Chifu akatangaza kuwa adhabu imelipwa na hakuna anayedaiwa. Kisha baraza zima likasimama kumshukuru meneja kwa gari lake.