Baraka ya Mama Eufemia

Herlinda alianza kujifunza Kihispania akiwa na miaka sitini na mitatu na meno mawili ya bandia. Mwalimu wake alikuwa Chayo, jirani, mwanamke anayeongea hata akiwa na tamale, donge la unga wa mahindi la kupikwa kwa mvuke, mdomoni.

"Tembeza ulimi, shoga! Unasema kama umemeza kijiko."

"Ulimi umezeeka."

"Mbona kwenye kusengenya ni kijana?"

Wakacheka, huku wakipaka unga uliokandwa kwenye maganda ya mahindi ya kufungia tamale. Mtaa mzima wa magharibi mwa mji wa San Antonio uliongea Kihispania, isipokuwa Herlinda. Mama yake, Eufemia, alichapwa sana shuleni kwa kuongea Kihispania, lugha ya kwao, akaapa mwanawe hatachapwa. Basi Herlinda akalelewa kwa Kiingereza kitupu. Kazini wakamwita Linda, naye akaitika mpaka akastaafu.

Sasa mama alikuwa kitandani, akili imerudi zamani. Herlinda alitaka kitu kimoja tu kabla mama hajaondoka: apige magoti aombe baraka kwa Kihispania, kama watoto wa wenzake, achorewe msalaba kwenye paji la uso.

Alhamisi mchana alimwogesha mama, akamchana nywele, akajishusha chini taratibu kama ngamia. Akasema, na ulimi haukumwangusha:

"Mama, nipe baraka yako."

Macho ya mama yakafunguka. Mkono ukainuka. Herlinda akafumba macho, akasogeza paji la uso.

Mkono ukatua mdomoni, ukamziba.

"Nyamaza! Mwalimu atakusikia!" mama alinong'ona kwa Kihispania, na Herlinda akaelewa kila neno. "Sema Kiingereza, mwanangu. Unataka wakuchape?"

"Mama, hakuna mwalimu hapa. Ni mimi, Herlinda."

Lo, kwa Kihispania tena! Mama akaanza kulia, anatazama mlango, anakandamiza kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo.

"Nakuomba, mwanangu. Nakuomba."

Angefanya nini? Alibandua vile vidole kimojakimoja, akasema kwa Kiingereza:

"Sawa, mama. Sirudii."

Mama akashusha pumzi. Akampapasa shavu, akatabasamu kama mtu aliyeokoa mtoto barabarani.

"Msichana mwema," akasema, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kisha akalala.

Herlinda akataka kusimama. Magoti yakakataa. Akabaki pale pale chini, ameshika ukingo wa kitanda, akingoja Chayo aje amnyanyue.