Divai ya Zita

Mwaka 1994, wakimbizi wakipita kijiji cha Kibimba kutwa kucha, Zita alifiwa na mumewe, mtengenezaji wa divai ya ndizi. Shemeji yake Venance alimtaka aiache kazi hiyo. Zita akakataa, ila divai yake ilijaa mashapo, naye hakutulia.

Muuguzi Mfaransa wa kambi ya wakimbizi alimsimulia habari za mjane wa kwao aliyerithi kiwanda cha shampeni, divai yenye mapovu, akageuza chupa shingo chini ili mashapo yakusanyike shingoni, yatoke kwanza zikifunguliwa. Zita akajaribu. Chupa nyingi zilipasuka kwa gesi ya divai. Akajaribu tena.

Hatimaye alimmiminia Venance divai angavu.

“Shemeji, hii nikaiuze mjini Biharamulo,” Venance alisema.

“Nitaiuza mwenyewe,” Zita akajibu, tayari ameinuka kukagua chupa nyingine.