Gari Linauzwa na Aliyemo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda yadi ya magari pale Msamvu kununua gari, na mlinzi wa getini alikuwa jeki.

"Shikamoo," nikaliambia, kwa sababu lilikuwa jeki la zamani.

"Marahaba. Mapenzi yako acha hapa."

Sikushangaa. Marehemu baba yangu, Mzee Mkude, alikuwa dalali wa magari, na kanuni hiyo tulilishwa pamoja na uji: ukienda kununua, usioneshe kuwa kitu umekipenda, watakupandishia. Nikayatoa mapenzi yangu kifuani. Yalikuwa madogo, yana joto kama maandazi yaliyoepuliwa sasa hivi. Jeki likayafunga kwenye gazeti, likasema nitayakuta nikitoka.

Ndani, muuzaji ni tairi la akiba lililovaa tai. Linanikaribisha kwa adabu zote, kisha linanionesha gari moja tu. Ni lile gari dogo jeupe la baba, aliloliuza kabla hajaugua. Viti vyake bado vimevikwa nailoni ya dukani, maana baba alitukataza kuitoa kwa miaka kumi na moja. Gari la kuuzwa halichakazwi, alisema, na kwake kila gari lilikuwa la kuuzwa. Watoto tulikuwa tukishuka tunajibandua mapaja.

Baba mwenyewe amekaa kiti cha mbele cha abiria. Kofia kichwani, mkanda umefungwa, kijiti mdomoni. Tulimzika wiki tatu zilizopita. Anatazama mbele tu.

"Gari linauzwa na aliyemo," tairi likasema. "Hatutenganishi."

"Bei?"

"Maneno mia tano. Unamwambia yeye, mimi nakupa ufunguo. Lakini tunaweza kuelewana."

Hapa lazima niseme kilichotokea kati yetu. Miaka mitatu nyuma washenga walikuja kunichumbia, na baba akawakalia kooni kwa mahari tangu adhuhuri hadi magharibi kama anauza lori. Nikamwambia mbele yao, "Baba, mimi si gari," nikatoka. Nilitoka polepole, kwa mwendo aliotufundisha mwenyewe: bei ikikushinda, ondoka bila kugeuka, muuzaji atakuita. Hakuniita. Nami sikugeuka. Niliozeshwa nyumbani kwa mjomba, na tukakaa hivyo, baba na mwana, mji mmoja, kila mmoja akingoja mwenzake ashuke, mpaka ikaja simu ya msiba.

Kwa hiyo maneno mia tano hayakuwa kitu. Ningetoa elfu. Lakini mtoto wa dalali hanunui kwa bei ya kwanza, hata usingizini.

"Lina kutu mlangoni," nikasema.

Kutu ikatokea mlangoni. "Mia nne," likasema tairi.

"Taa moja imekufa."

Taa ikafumba. "Mia tatu. Na aliyemo, umemwonaje?"

"Hacheki."

Baba akapungua. Sisemi alikonda. Alipungua, kofia ikamshukia masikioni.

"Mia mbili."

"Tangu nizaliwe hajawahi kuniambia pole. Nilipojifungua hakuja. Mjukuu wake hamjui hata sura."

Mia. Hamsini. Miguu ya baba haifiki chini tena, na mkanda unampita usoni. Kijiti kimekuwa kama mwiko mdomoni mwake. Bado anatazama mbele, kama mtoto aliyeambiwa atulie.

"Dada, una mkono mgumu," tairi likasema, likijifuta jasho kwa tai. "Haya, maneno kumi. Bei ya mwisho, hapo sishuki."

Maneno kumi tu. Nami, Mungu anisamehe, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikageuza mgongo.

Yadi inakuwa sebule yetu ya Kihonda. Washenga wameshika vikombe vya chai, hawanywi. Navuka kizingiti, natembea polepole, nahesabu hatua. Thelathini, kimya. Sitini, nasikia mtu anakohoa nyuma yangu, kikohozi kidogo cha mtu aliyetaka kuita akaghairi. Siku ile pia nilikisikia. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Hatua ya mia na kumi na mbili ikanifikisha getini.

"Mzigo wako," jeki likasema, likanipa lile gazeti. Lilikuwa la moto. Liliniunguza viganja hata nikashindwa kwenda mbele, na sikuwa na pa kwenda zaidi ya nyuma. Nikageuka.

"Amegeuka!" tairi likapiga kelele yadi nzima. "Bei imerudi mia tano!"

"Nalipa."

"Hakuna punguzo!"

"Nimesema nalipa."

Nikaingia nikakaa kwenye usukani, nailoni ikaninata. Nilianza na shikamoo. Nikamwambia mtoto ni wa kiume na tumempa jina lake. Nikamwambia kila Jumamosi nilizunguka njia ya mbali kwenda sokoni ili nipite kijiwe cha madalali, niione kofia yake tu. Nikamwambia nilimpenda na nilimkasirikia, na vyote viwili vilikaa nyumba moja. Tairi lilikuwa linahesabu kwa vidole, sijui lilivitoa wapi. Kila neno lilimrudishia baba kidogo. Miguu yake ikagusa chini, kofia ikapanda mahali pake. La mia tano lilikuwa "baba".

Akatoa kijiti mdomoni.

"Zilikuwa hatua mia na kumi na mbili," akasema. "Nilizihesabu dirishani. Kila moja nikisema, hii ndiyo atageuka."

"Ungeniita, baba."

"Ningekuita, ningekuwa nimeshindwa." Akakigeuza kijiti vidoleni. "Na nikashindwa vilevile."

Nililia. Yeye akawa anapapasa kiti, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha siku nyingi.

"Toa hiyo nailoni, mwanangu," akasema. "Haliuzwi tena."

Nikashika pindo, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ikachanika kwa kishindo, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mume wangu, Chande, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amempakata mtoto, ananitazama.

"Ulikuwa unaongea na nani muda wote huo?" akauliza.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, vidole vinauma. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha nailoni nene, kirefu kama kidole, kimegeuka manjano kwa uzee, na mshono wa kiti bado umekishika upande mmoja.

"Na takataka gani hiyo?"

Nilitaka kumweleza. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Maneno yote nilikuwa nimeshalipa.