Gego la Kulia la Fane

Nilikwenda Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga, kumzika baba yangu, nikamwacha binti yangu Fane na meno yake yote. Niliporudi Vava'u, kisiwani kwa mume wangu, alikuja bandarini kunipokea akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni haya ya mtoto aliyemkosa mama yake. Nikamtoa mkono taratibu. Chini, upande wa kushoto, gego halikuwapo. Palikuwa na shimo bichi, na ufizi umechanika.

"Nani kakufanya hivi?"

Alimtazama baba yake. Baba yake, Feleti, akageuka kuutafuta mzigo wangu, mzigo ambao tayari alikuwa ameubeba begani.

Fane alikuwa na miaka mitano. Magego yake mawili ya chini yalikuwa yametoboka, moja kila upande, na ukimpa maji baridi anaruka kama aliyeumwa na nyuki. Kabla sijasafiri nilimpeleka kwa Vika, daktari wa meno wa hospitali yetu. Akayapiga picha, akaniambia uozo umeingia ndani sana lakini mizizi bado ni mizima. Atachimba uozo wote, aondoe ile nyama laini ya ndani iliyokwisha kuharibika, aweke dawa, kisha alifunike kila jino kwa kofia ya chuma. Tukakubaliana kuanza mara nikitoka mazishini. Nilimweleza Feleti yote hayo, na akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya gari nikamwuliza Feleti.

"Dada alikuja," alisema. "Mtoto alikuwa analia na jino. Akamchukua, akampeleka kwa yule mzee wa zahanati ya ng'ambo."

"Anayeng'oa."

"Ndiyo, huyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Shamba. Nilipowakuta, walishamaliza. Losa, ningemwambia nini dada yangu?"

Kwetu shangazi ndiye mkubwa wa mtoto. Baba hamjibu dada yake, na mke wa baba ndiyo kabisa, yeye ni mtu wa kuja. Nimeishi na sheria hiyo tangu niolewe, nikapika kwenye misiba yao, nikakaa mwisho wa mkeka, na sikuwahi kulalamika. Siku ile nilimwambia Feleti asimamishe gari, nikashuka na mtoto wangu, tukatembea.

Nilipokuwa namwogesha ndipo Fane akaanza kusema. Shangazi alimshika kichwa. Mama wawili wa kanisani walimkalia miguu. Mzee alimchoma sindano ya ganzi na papo hapo akachukua koleo, kwa sababu wenzake walikuwa wanamngoja kwenye kikao cha kunywa kava.

"Nilisema bado inauma, mama," aliniambia. "Nilisema. Shangazi akasema mtoto mwenye adabu hapigi kelele."

Nikamfunga taulo. Nikamtolea gauni, akalivaa mwenyewe, kinyumenyume.

Wifi yangu Kalolaine nilimkuta kwenye ukumbi wa kanisa, anasuka mkeka na wanawake wenzake. Ni mwanamke mnene, mzuri wa sura, sauti yake hufika kabla yake. Aliniona mlangoni akanipungia.

"Njoo, wifi! Pole na msiba. Kaa hapo, tukupe chai."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza kwa nini umemng'oa mwanangu jino lililokuwa linatibika."

Miyaa ikasimama mikononi mwa watu. Kalolaine akacheka kidogo, kama mtu anayemsitiri mgeni aliyejamba.

"Lipi? Lile bovu? Lile ni jino la utotoni, wifi. Si jino hilo, ni kama ua la mpapai, lisipoanguka leo litaanguka kesho. Alhamisi tunalitoa na la pili, kisha mtoto apumzike."

"Hamlitoi."

"Tutalitoa."

"Daktari Vika amesema gego lile linamfaa mpaka afike darasa la tano au la sita. Ndilo la kutafunia. Ndilo linaloshika nafasi ya lile linalokuja chini yake. Na hata kama mngeling'oa, mngengoja ganzi ishike! Mlimkalia kama nguruwe wa karamu!"

"Losaline!" Mama mmoja akanikemea.

Kalolaine akaweka mkeka chini. "Mtoto wako, siyo? Haya. Nani alimpa jina?"

"Wewe."

"Nani alimshika kwanza kanisani?"

"Wewe, wifi. Na wewe ndiye uliyemshika kichwa juzi."

Nilitoka kabla sijasema mabaya zaidi. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema wanawake wa Tongatapu hawana adabu. Sikugeuka. Nilitamani mmoja wao ainuke anifuate, maana nilikuwa na mengi yamenijaa.

Asubuhi yake nilikuwa kwa Vika. Nilipomsimulia yote alitukana, tusi zima, mbele ya mtoto, na nikampenda tangu hapo.

Fane hakufungua mdomo. Vika alipomgusa kidevu, alimng'ata kidole hadi damu.

"Haa! Na bado wanasema si meno haya!" Vika alikuwa anakipuliza kidole chake. "Mwache. Nikimlazimisha leo, nitakuwa yule mzee. Mlete kesho aje acheze tu."

Tukaenda kucheza. Fane alikipandisha kiti na kukishusha mpaka umeme ukakatika. Alimhesabia Vika meno kwa kioo kidogo, akamwambia moja linanuka. Tulirudi tena, na tena. Mimi nilikuwa nahesabu kuelekea Alhamisi, na hasira yangu ililala nami na kuamka nami.

Alhamisi yenyewe Fane akakubali sindano. Vika alingoja. Alimminya ufizi, akamwuliza, "Hapa?" Fane akasema panauma. Vika akangoja tena, akamsimulia habari za nyangumi, akaminya. "Na sasa?"

"Mdomo wangu umekuwa mnene," Fane alisema, akacheka kwa upande mmoja.

Ndipo Kalolaine akaingia, amevaa mkeka wa heshima kiunoni kama anayekwenda kwa chifu. Nyuma yake, Feleti. Yeye ndiye aliyemleta kwa gari.

"Shikamoo, mama," Vika alisema bila kuweka chombo chini. "Nimeanza kazi. Naomba utusubiri nje."

"Nimekuja kwa mtoto wetu. Ling'oe tu, binti. Mimi yangu yote waliyatoa siku moja, nikiwa kigori, nchi nzima ilikuwa hivyo. Hakuna aliyenisafishia hata moja. Hakuna aliyeniuliza! Nilikufa?"

Sauti ilimkatika pale kwenye neno la kuulizwa. Wote tuliisikia. Lakini sikuwa na huruma ya kumgawia, na Fane alikuwa ameshateleza kutoka kwenye kiti. Alijibana chini yake, nyuma ya bomba la maji, na mkojo ukatiririka sakafuni mpaka kwenye viatu vya shangazi yake.

"Fane," Kalolaine aliita kwa sauti ndogo. "Ni mimi, shangazi yako."

"Asinishike kichwa," mtoto alilia. "Mama, asinishike kichwa!"

Nikasimama kati yao. "Umesikia. Toka."

Kalolaine alimtazama kaka yake, akingoja anikanye. Feleti alikuwa anatazama ule mkojo.

"Dada," alisema, "twende nje."

Hilo tu. Wakatoka. Nilimbembeleza Fane mpaka akarudi kitini, nikakaa naye, nikamlaza kichwa mapajani mwangu. Vika alichimba uozo mweusi, akatoa ile nyama ya ndani, akakandamiza pamba mpaka damu ikakata. Akaweka dawa, akalivika jino kofia ya chuma na kumwambia Fane aume kwa nguvu zote. Fane aliuma kwa furaha. Kwenye pengo la kushoto Vika alisema atamfungia waya, ili meno ya jirani yasiegemeane.

Nje Feleti aliniuliza kama bado nina hasira.

"Ndiyo. Na uliyosema yalikuwa maneno machache mno."

"Najua."

Kalolaine alileta mkeka nyumbani, ule mzuri wa kuombea radhi. Niliupokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Fane hakutoka chumbani, na sikumlazimisha.

Miezi ikapita. Jino halikuvimba wala halikuuma, na Fane alianza kutafuna muhogo wa kuchoma upande wa kulia. Siku moja baada ya ibada Kalolaine alinifuata mpaka getini. Mtoto wa mdogo wake alikuwa ameanza kulia na gego.

"Yule daktari wako," aliuliza huku anatazama barabara, "anaona watoto siku gani?"

Nikamtajia siku.

"Na anangoja ganzi ishike?"

"Anangoja."

Akatikisa kichwa kuafiki, akabaki amesimama, labda akitarajia nimkaribishe ndani. Sikumkaribisha. Nilifunga geti, nikaenda kumtengea mwanangu chakula.