Waya wa Tatu

Siku ya kumi na moja baada ya kumzika dada yake, Paka, fundi wa nguzo za umeme, alirudi kazini. Hakuna aliyemshurutisha. Mkewe alimwambia, "Kaa hata wiki moja zaidi, baba watoto," naye akajibu kwamba kwake kukaa na kwenda ni mamoja. Akavaa buti, akatoka.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Paka akiwa na miaka sita. Alimwogesha, alimsomesha, alimchapa, alimwozesha. Alipokata roho hospitalini, Paka alikuwa ameshika chupa ya uji aliomletea. Akaenda kuumwaga, akaiosha chupa, akaifunga kifuniko vizuri. Chozi halikumtoka. Makaburini watu walimsifu: mwanamume kweli, moyo wa jiwe. Yeye alisikia kana kwamba wanamsifu mtu aliyesimama nyuma yake.

Wakati huo kampuni ya umeme ilikuwa ikifunga redio kwenye nguzo, ili swichi za njiani ziwashwe na kuzimwa na watu waliokaa ofisini, bila fundi kwenda huko. Kifaa chenyewe ni kisanduku cha kijivu na antena isiyozidi urefu wa fagio. Kukifunga si kazi. Kazi ni kwamba kinakaa nguzo moja na umeme mkubwa, na umeme mkubwa hauna mtani wala shemeji.

Msimamizi wao aliitwa Mama Ngazi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee aliyependa kusema kwamba amezaa watano na kupanda nguzo elfu, na kote huko hajaanguka. Alisoma kibali cha kazi kwa sauti, kama kawaida yake.

"Laini imezimwa. Kufuli kwenye mpini wa swichi?"

"Lipo," Paka alijibu.

"Kibao cha 'Watu wako kazini'?"

"Kipo."

"Utapima nyaya ngapi?"

"Zote tatu."

"Halafu?"

"Naziunganisha na ardhi, ndipo mkono uguse."

"Haya, panda baba."

Akapanda. Hakuitwa Paka bure. Hata siku hiyo miguu ilijua njia yenyewe. Juu alijifunga mkanda, akachukua fimbo ndefu yenye kipimo nchani, kile kinachopiga kelele kikikuta umeme. Waya wa kwanza, kimya. Waya wa pili, kimya. Ndipo akaona kamba ya kuvutia kisanduku imenasa kwenye kikombe kilichoshika waya wa tatu. Akaitundika fimbo, akanyoosha mkono ainasue.

"Paka! Wa tatu bado!"

Mama Ngazi alikuwa chini, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu, akihesabu. Mkono ukasimama. Paka akaurudisha taratibu, akachukua fimbo, akaupima waya wa tatu.

Kipimo kikalia.

Kililia hata mwenye duka ng'ambo ya barabara akatoka nje. Paka akasogeza fimbo, kikanyamaza. Akairudisha, kikalia tena. Akautazama mkono wake ndani ya glavu. Alijua kwamba sasa hivi moyo ulipaswa kumwenda mbio, jasho limtoke, magoti yagongane. Alisubiri. Hakuna kilichokuja. Ganzi tupu, kama ufizi uliodungwa sindano ya jino.

Akashuka.

Injinia wao, aliyebaki na gari mbali kidogo, kwenye swichi iliyozima laini, alipiga simu baada ya dakika chache. Mpini ulikuwa umeshuka hadi mwisho, na kufuli lilikuwa mahali pake. Lakini visu vya swichi, vyuma vinavyokata umeme kila kimoja kwa waya wake, vilikuwa vitatu, na kimoja kilikuwa kimeng'ang'ania juu bila kufunguka.

"Tulipopita pale asubuhi mimi nilitazama mpini, sikuinua macho kutazama visu," Mama Ngazi alisema. "Kosa hilo ni langu, nitaliandika."

Kisu kikafunguliwa. Injinia akaja mwenyewe, saa mkononi. "Sasa iko salama. Panda, kibali kinaisha saa tisa."

Paka alikuwa ameshavua mkanda. "Sipandi."

"Umeogopa?"

"Sikuogopa, Injinia. Ndiyo maana sipandi."

Injinia akamtazama Mama Ngazi kama anayeomba kutafsiriwa.  Mama Ngazi aliokota mkanda, akaukaza kiunoni, akasema, "Basi wewe nihesabie."

Akapanda yeye. Paka akasimama chini, akahesabu kwa sauti kubwa kila waya uliopimwa na kila waya ulioungwa na ardhi. Saa nane na robo kisanduku kilikuwa kimekaa, antena imesimama wima. Nyaya za ardhi zikatolewa, watu wakasogea mbali, umeme ukarudishwa. Mwanamke wa ofisini akapiga simu: "Nguzo yenu naiona kwenye kioo cha kompyuta. Nafungua swichi yake." Juu kukasikika ko! "Nafunga." Ko! Mama Ngazi akapiga makofi. Paka naye akapiga, kwa kuwa watu walikuwa wanapiga makofi.

Nyumbani alimweleza mkewe yote, bila kuficha. Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Mkono ulibakiza kiasi gani kugusa?"

Paka akamwonyesha kwa viganja. Mkewe akavitazama viganja vile, kisha akaenda kuosha uso. Yeye alilia kwa niaba ya wote wawili.

Paka aliomba kazi ya chini. Miezi miwili alikagua mikanda, akapanga fimbo stoo. Wapo waliomcheka kwamba paka kawa kuku, naye akaendelea kuhesabu fimbo. Mwezi wa tatu Mama Ngazi alimpeleka kwenye uwanja wa mafunzo, penye nguzo zisizo na umeme. "Jaribu tu," alimwambia.

Katikati ya nguzo mguu wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Mtetemeko ukapanda gotini, tumboni, hadi midomoni. Akaikumbatia nguzo kwa mikono yote.

"Vipi huko?" Mama Ngazi aliuliza.

"Naogopa," Paka alisema. "Naogopa, mama. Dada amekufa."

"Najua, mwanangu. Shika hapohapo. Nakuja."

Akamfuata, wakashuka pamoja, hatua kwa hatua. Chini, Paka akakaa kwenye nyasi akalia hadi kola ikalowa. Mama Ngazi alikaa kando yake, akifungua buti zake mwenyewe moja baada ya nyingine, hana haraka.