Saumu ya Sauti

Tangu adhuhuri ya Jumamosi ile Akech hakuwa ametamka neno. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amenuniana na mtu. Alikuwa amefunga.

Katika kwaya ya kanisa lao huko Embakasi, Mwalimu Nabiswa alishika sheria moja aliyoirithi kwa wamisionari waliomfunza noti akiwa kijana: atakayeimba peke yake siku ya Bwana sharti ainyamazishe sauti yake tangu mchana wa siku iliyotangulia. Asizungumze, asicheke kwa sauti, asiimbe hata akioga. "Sauti ya kutolewa madhabahuni," alizoea kusema, "haitembezwi sokoni usiku wa kuamkia." Na asubuhi, mlangoni pa chumba cha kuvalia majoho, humtazama mwimbaji machoni na kumwuliza neno moja tu: "Umefunga?"

Kwa miaka mitatu aliyeulizwa swali hilo alikuwa Sally. Sasa Askofu alikuwa anakuja kuliweka wakfu jengo jipya, na zamu ilikuwa imemfikia Akech. Baba yake, Mzee Willis, mstaafu wa reli, alikuwa amesafiri kutoka Siaya ili kumsikia bintiye, na usiku huo alilala kwa nduguye huko Makongeni.

Lakini usiku huohuo Shiro alikuwa anaimba karibu na Soko la Burma.

Shiro alikuwa mwanamke aliyeimba muziki wa roki, mzaliwa wa mitaa hiyohiyo. Akech alizijua nyimbo zake kama mtu ajuavyo njia ya kisimani. Alizisikiliza kutwa akipakia biskuti kiwandani, Industrial Area, kifaa kimoja sikioni, mikono ikienda kwa mdundo. Uso kwa uso hakuwa amewahi kumwona.

"Mwalimu alisema usiongee," akasema Wacuka, jirani yake wa Tassia na mwenziwe wa kazini, huku akijipaka rangi ya midomo mbele ya kioo. "Alisema usisikie?"

Akech akatikisa kichwa.

"Basi! Masikio hayajafunga. Vaa viatu twende."

Sikio, walisema wahenga, halilali na njaa. Akech akavaa viatu.

Klabu ilikuwa ghorofani, juu ya bucha, na moshi wa nyama choma ulipanda ngazi pamoja na wateja. Bawabu mmoja, kifua kama kabati, akamzuia Akech mlangoni.

"Niaje, msupa? Mbona hunisalimii?"

"Haongei," akajibu Wacuka. "Amefunga."

"Amefunga nini, duka?"

"Sauti. Kesho anamwimbia Askofu."

Bawabu akamtazama Akech toka utosini hadi nyayoni, kisha akawageukia waliokuwa nyuma. "Jameni, pisheni padri apite!" Watu wakacheka. Akech akaingia huku uso umemwaka moto, asiweze kujibu hata kwa tusi dogo.

Ndani alisumbuka kama kuku atafutaye pa kutagia. Alisimama karibu na jukwaa, akaona ni karibu mno. Akarudi nyuma, akaona ni mbali mno. Akatoka hadi kwenye ngazi, akamfikiria baba yake amelala na koti lake limetundikwa ukutani tayari kwa kesho. Kisha gitaa likalia, na miguu ikamrudisha ndani, hadi mbele ya jukwaa, bila kumwomba ruhusa.

Shiro akatokea. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake, buti miguuni, kichwa kimenyolewa. Ngoma zikapigwa hata glasi zikatetemeka mezani. Ukumbi mzima ukapaza sauti, na Akech akaiuma ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Wimbo wa kwanza alikiuma. Wa pili alikitafuna.

"Hee, umekuja matanga?" akamsaili kijana mmoja kando yake. "Paza sauti, mresh!"

Akech akamwonyesha mdomo wake kwa kidole, akapunga mkono: hapana.

"Jino linamuuma," Wacuka akamwambia yule kijana. "Mwache."

Ilikuwa katika wimbo wa nne ambapo Akech aliacha kutafuna. Kitu hakikuwa sawa. Mwalimu Nabiswa alikuwa amewafundisha kuisikia sauti inayotoka tumboni na ile inayokwanguliwa kooni, na Shiro alikuwa anakwangua. Kila alipopanda juu, mishipa ya shingo ilimsimama. Alikunywa maji, akacheka, akautupia umati mzaha, akaimba tena kwa kukwaruza zaidi. Watu wakashangilia, wakidhani ni madoido. Akech alishika koo lake mwenyewe.

Kisha gitaa likaanza wimbo ambao wote walikuwa wameungojea, wimbo wa vibarua wanaosimama alfajiri langoni pa kiwanda wakisubiri kuchaguliwa. Akech alikuwa amesimama langoni hapo siku nyingi kabla ya kupata kazi ya kudumu. Aliuhesabu kuwa wimbo wake.

Shiro akafumbua kinywa. Hapakutoka kitu.

Mpiga gitaa akarudia mwanzo. Shiro akajaribu tena. Ikatoka pumzi tu, kama upepo chini ya mlango. Miluzi ikaanza.

"Tumetoka mbali, wewe!"

"Mpeni chai!"

Shiro akaunyoshea umati kipaza sauti, akiomba kwa macho. Kiitikio kila mtu alikijua, lakini kabla ya kiitikio palikuwa na ubeti mrefu, wenye maneno ya kasi, na waliojaribu walipotelea njiani wakabaki kucheka. Mpiga gitaa akarudia mwanzo mara nyingine. Chupa ya plastiki ikarushwa, ikatua miguuni pa Shiro.

Ndipo macho ya Shiro yalipomwangukia msichana wa mstari wa mbele aliyekuwa na kitambaa kilicholowa mkononi. Midomo ya msichana ilikuwa inacheza. Ilikuwa inapita juu ya kila neno la ubeti, bila sauti, bila kukosea. Shiro akapiga goti kwenye ukingo wa jukwaa, akamletea kipaza sauti hadi kidevuni.

"Akech, usithubutu!" Wacuka akamvuta mkono, yeye yuleyule aliyemleta. "Kesho utanilaumu mimi! Babako amepanda basi toka Siaya kuja kukusikia!"

Akech alimwona baba yake. Alimwona Mwalimu mlangoni. Aliwaona kwa uwazi, hakujidanganya hata kidogo. Mbele yake palikuwa na mwanamke aliyepiga goti, jasho likimchuruzika, akimtazama kama vibarua wamtazamavyo msimamizi anayechagua.

Akajinasua mkononi mwa Wacuka, akaimba:

"Fungua lango, jua limetukuta nje,
mikono tunayo, kazi iko wapi?"

Hakupiga kelele. Aliitoa tumboni, jinsi alivyofunzwa, na ikapita juu ya gitaa safi kama maji ya mvua. Aliimba ubeti wote. Kiitikio kilipofika ukumbi ukakidaka, ukakiinua, na Shiro akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Beti mbili zilizobaki akaziimba Akech, Shiro akimshika bega. Mwisho wa wimbo Shiro akamwinamia sikioni.

"Asante, siz," akasema, na sauti yake ilikuwa kama mchanga juu ya bati.

Asubuhi Akech hakuwa amelala. Aliijaribu sauti yake taratibu juu ya karai la maji. Ilikuwa nzima. Pengine ilikuwa bora kuliko jana.

"Si unaona?" akasema Wacuka. "Nani atajua? Akikuuliza, itikia kwa kichwa tu. Wala hutasema uongo. Kichwa hakina ulimi."

Akech akatoka. Njia nzima alitembea, akasimama, akatembea tena.

Mzee Willis alikuwa amekwisha kukaa benchi la mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Mlangoni pa chumba cha majoho Mwalimu Nabiswa alisimama wima, miwani imeshuka puani. Nyuma yake Sally alikuwa anapiga pasi kola ya joho lake.

"Umefunga?"

Shingo ya Akech ilitaka kuinama. Aliihisi ikitaka.

"Hapana, Mwalimu. Jana usiku niliimba."

Pasi ya Sally ikasimama.

"Wapi?"

"Klabu. Karibu na Burma."

Mwalimu akaipandisha miwani. "Ulimwimbia nani?"

"Mwimbaji mmoja, Mwalimu. Sauti ilimwishia katikati ya watu, wakaanza kumzomea."

"Sauti yako ninaisikia. Haina doa. Lakini nilikwambia ufunge, nawe hukufunga." Akageuka. "Sally, utaimba wewe. Akech, safu ya pili."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alikuwa amekwisha kulichukua joho lake alipomsikia Mwalimu akimwita tena, kwa sauti ya chini kidogo.

"Huyo mwimbaji. Wimbo uliisha?"

"Uliisha, Mwalimu."

"Haya. Jipange."

Kwaya ikaingia. Mzee Willis akanyosha shingo kupatazama mahali pa mwimbaji wa peke yake, akamwona Sally, akaanza kumtafuta bintiye katika safu, uso baada ya uso, hadi akampata. Akech akamtazama naye. Kinanda kikalia, Sally akaanza, na chini ya joho mguu wa Akech ukawa unagonga sakafu, mdundo ambao haukuwa wa wimbo ule, na kila alipoutuliza ulianza tena.